Nusu ya Fusae

"Usiguse hisa, Baba Chinatsu. Weka zote kwenye amana," Fusae alisema, mikono bado imo kwenye povu la vyombo.

Mumewe, Tsunehiko, alikuwa mezani na simu yake. Kiwanda cha pampu kilikuwa kikimwekea akiba ya uzeeni kila mwezi, na kila mfanyakazi alijichagulia pa kuiweka: kwenye hisa zinazopanda na kushuka, au kwenye amana ya benki isiyopungua, wala kuongezeka kwa kiasi cha maana.

"Kazini Motegi ananiita kunguru. Zake zimekaribia kuwa maradufu."

"Na zikiporomoka mwezi unaostaafu, Motegi atatulisha?"

Fusae alijiandaa kwa ubishi, maana mtu huyu alibishana naye hata juu ya chumvi. Lakini Tsunehiko alibonyeza tu simu, akachagua amana. "Umesema kweli. Bora siku hiyo zote ziwepo."

Fusae akashusha pumzi. Siku mumewe akistaafu, angemwomba talaka. Alikuwa amechoka jamani, si kidogo. Amechoka kungoja mlango ufunguke wakati majirani wameshalala, amechoka kuongea na gazeti lililokunjuliwa mbele ya uso wa mtu. Mwanasheria alishamwambia kwamba nusu ya akiba ni haki yake. Nusu ya amana ingemtosha chumba na chakula. Nusu ya hisa zilizoanguka ingemtosha nini? Basi akajikaza kumalizia miaka mitatu iliyobaki.

Mwaka wa mwisho, ajabu, Tsunehiko akaanza kufua mashati yake mwenyewe. Kisha akaingia jikoni.

"Mama Chinatsu, wali huu unataka maji kiasi gani?"

"Makubwa haya! Unakaribia miaka sitini, hujui maji ya wali?"

"Ndiyo nijifunze sasa. Nicheke tu."

Alimcheka kweli. Supu yake ya kwanza ya miso, ile rojo ya soya, ilikuwa chumvi tupu. Ya tatu wakaimaliza wote wawili, na Fusae akajikuta ameomba kuongezewa.

Hilo lilimkasirisha. Miaka yote hiyo alikuwa wapi mtu huyu? Mbona aje sasa, wakati yeye ameshaufunga moyo? Lakini moyo wenyewe haukukubali kufungwa. Kila alipomwona amevaa aproni, anaonja kwa ncha ya ulimi kama mtoto, huruma ilimshika.

Wiki ya kustaafu ilipofika, alimpigia mwanasheria simu.

"Nimeghairi," alisema. "Nitabaki naye."

Siku yenyewe Tsunehiko alirudi mapema, amebeba shada la maua alilopewa na wenzake. Fusae alikuwa amemchomea samaki aina ya mkunga, akamnunulia na sake nzuri, pombe ya mchele. Alitaka waanze upya, na alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia hivyo.

Tsunehiko hakugusa vijiti vya kulia. Alipiga magoti, akaweka viganja kwenye mkeka, akainama mpaka paji la uso likagusa chini.

"Mama Chinatsu, umenivumilia sana. Asante."

Machozi yakamlenga Fusae. "Inuka basi, Baba Chinatsu. Chakula kinapoa."

"Fedha zimetimia zote, kama ulivyotaka," alisema, bado ameinama. "Nusu ni yako. Mimi nimepanga chumba changu peke yangu kule mjini Gifu, nahamia Jumapili."