Tunu Ndani ya Wimbo Wangu

Siku hizi mwanamuziki akitoka bendi, sauti yake hufutwa kwa mashine kwenye rekodi zote, hata za zamani, ikawekwa ya aliyemrithi. Ndiyo sheria. Mimi niliacha kuimba Kisiwani Jazz nilipojifungua, nafasi yangu akapewa Tunu.

Jana nachambua mchele, redio ikapiga wimbo niliomtungia mume wangu Shomari, mpuliza saksafoni, mwaka tuliooana. Tunu akaimba maneno yangu yote. Kabla saksafoni haijaingia, pale nilipokuwa namwita Shomari kwa jina, sasa akamwita Tunu: "Shomari wangu, puliza, baba!" Kisha akacheka, taratibu, kama mtu aliyeshikwa kiuno.

"Zima," nikamwambia Shomari.

"Wivu huo, mama Zena! Mashine tu hiyo."

"Mashine gani inamwita mume wangu baba?"

Akacheka, hakuzima. Nikamwuliza, "Siku ile tunarekodi, nilivaa nini?"

"Gauni la kijani," akajibu upesi, macho yakimng'aa. "Lilikukaa, wewe!"

Sijawahi kuwa na gauni la kijani. Siku ile nilinyeshewa njiani, nikaimba nimevaa shati lake.