Watazamaji wa Moto

Siku hizi moto wa mlimani hauzimwi mpaka watembezi waliopangiwa kuutazama watosheke. Ndiyo sheria. Nakiete, mzaliwa wa milima ile ile ya Upare, ndiye aliyewaongoza, na kwa siku tatu waliufuata moto ukiteketeza msitu, wakiusifia rangi. Siku ya nne ukageuka, ukaanza kushuka kwenye migomba ya mama yake.

"Mmetosheka?" aliwauliza.

"Bado."

Huko chini mama yake akapuliza baragumu la msaragambo, lile linaloita kijiji kizima kazini. Zamani aliyelisikia akakaa kitako alitengwa. Sasa watu walitoka na matawi mabichi, wakaishia uani kwa kuogopa sheria. Mama peke yake aliuendea moto, akaanza kuupiga.

"Mwambie yule bibi asogee, anatuzibia."

"Yule ni mama yangu, nyie watu!"

"Basi mwambie kwa heshima."

Nakiete akavunja tawi bichi kwa hasira hata likamchana kiganja, akateremka mbio. Nyuma yake wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya matembezi.