Bamia za Kwetu

"Unaanza na nini, karanga au bamia?"

"Bamia," mshonaji akasema.

"Weee! Umeshapandishwa ndege wewe, na mwanao juu!" Msusi aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Karanga! Zinasagwa mbichi, zinachemka mpaka zitoe mafuta, ndipo bamia zinaingia, nzima nzima. Rudia."

Mshonaji akarudia. Ilikuwa mara ya kumi na moja tangu mchana, na usaili wake ulikuwa kesho saa tatu asubuhi. Rufaa ya mwisho hiyo. Akishindwa, yeye na binti yake wa miaka sita wangerudishwa wiki hiyohiyo, na waliomuua mumewe walikuwa bado wanamwulizia yeye. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Ofisi ya wakimbizi ilikuwa inawapokea watu wa nchi moja tu, ile yenye vita. Lakini vyeti vya watu wa huko viliungua au viliuzwa, na kila mwenye shida alidai ni wa huko. Basi wakubwa wakaona bora wapime watu kwa sufuria. Tuambie mnapikaje, tutajua mnatoka wapi.

Usidhani walikosea sana. Jengo alimokaa mshonaji lilijaa watu weusi wa nchi mbalimbali, jiko likiwa moja, na kwa bamia peke yake ungewapambanua. Dereva wa ghorofa ya pili alizianika juani, akazitwanga zikawa unga. Waashi wawili, mtu na kaka yake, walizipika kwa mawese na samaki mkavu. Bibi wa chumba cha mwisho, ambaye mababu zake walivushwa bahari kwa minyororo, alizigaragaza kwenye unga wa mahindi akazikaanga kavu, na akiona za wenzake zinavutika kama kamasi anaziba pua. Kila mmoja aliapa kwamba wengine wanaharibu chakula.

Kwenye usaili wake wa kwanza mshonaji alijibu kama mama yake alivyomfundisha: bamia zinakatwa nyembamba, zinakaangwa na kitunguu na nyanya mpaka ule ute ukauke. Ofisa alipitisha kidole kwenye ukurasa wake wa mapishi, akatikisa kichwa. "Mtu wa nchi hiyo hapiki hivyo." Mshonaji akatoka na barua ya kukataliwa.

Ndipo akamwendea msusi, ambaye jengo zima lilimjua kwa kupata karatasi zake kama mtu wa nchi hiyo.

"Mimi ndiye wa kwanza kupitishwa mle," msusi alipenda kujigamba. "Miaka tisa sasa. Walikuwa hawana ukurasa wala nini. Nilisema, wakaandika. Huo anaousoma ofisa ni mdomo wangu huu!"

Alikubali kusaidia kwa sharti moja. "Kwenu ni wapi sitaki kujua. Nisilolijua haliwezi kunitoka." Mshonaji alifungua mdomo, kisha akaufunga. Hakuwa na mwingine wa kumkimbilia.

"Tena," msusi akasema sasa. "Ya kulainishia?"

"Majivu ya maganda ya ndizi. Kidogo."

"Zinaliwa na nini?"

Machozi yalikuwa yanamdondoka mshonaji kwenye meza.

"Nini tena, jamani?"

"Namkana mama yangu, dada. Yuko kaburini na mimi nakaa hapa namkana."

Msusi akaweka mwiko chini. Hakuwa mtu mbaya. "Mama yako angekwambia ukane, mtoto apone. Sahau za kwenu mpaka kesho saa sita. Zinaliwa na nini?"

"Viazi vitamu."

"Haya. Tuanze mwanzo."

Kesho yake binti aliachwa kwenye benchi nje ya mlango, miguu yake ikining'inia. Ndani, ofisa aliuliza na mkalimani akatafsiri, na mshonaji akapika kwa mdomo sufuria nzima bila kuvuta pumzi: karanga, mafuta, bamia nzima, majivu, viazi. Kidole cha ofisa kilishuka mstari kwa mstari, na safari hii hakikusimama popote.

"Ungejibu hivi tangu mwanzo," ofisa akasema, akagonga muhuri.

Mshonaji alimshika binti mkono wakakimbia hadi saluni kwa msusi. Msusi alipoiona ile karatasi alipiga vigelegele, akatupa chanuo, akamkumbatia wakayumba pamoja. Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele aliwatazama tu, hasikii kitu.

"Si nilikwambia? Si nilikwambia!" Msusi alijifuta macho kwa taulo la wateja. "Sasa imeisha, mdogo wangu. Hakuna wa kukugusa. Niambie basi, kwenu hasa ni wapi?"

"Ni hukohuko, dada."

"Huko wapi?"

"Huko kwenye vita. Mji mkuu, nyuma ya soko la zamani. Mama yangu aliuza bamia pale miaka thelathini. Nikadhani labda ni nyie wa upande wa pili wa nchi ndio mnaozitia karanga."

Msusi akamwachia taratibu. Akamtazama mteja, akautazama mlango, kisha akajishusha kwenye kiti cha kusukia.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Huko mimi sijawahi kukanyaga. Waliponibana niseme mnapikaje, nikawapa za kwetu."