Kadi Iliyozimwa kwa Mbali

Neculai alipobonyeza tu, akashtuka. Ameizima kadi ya mtandao ya kompyuta inayohudumia mtaa mzima, iliyo stoo kwa shangazi yake, jengo la ng'ambo ya barabara. Na kadi hiyo ndiyo njia pekee aliyoingilia. Amri ya kuiwasha haitafika.

Shangazi akatokea roshani, kwa sauti kali inayoweza kuchachusha kabichi. "Wewe Neculai! Mjukuu wangu wa Kanada kaganda kwenye skrini, mdomo wazi! Ndiyo kwanza alikuwa anataka kutamka neno lake la kwanza!"

"Chomoa waya wa umeme, shangazi, kisha uurudishe!"

Mtaa mzima ukasikia friji ikinyamaza.

"Siyo huo!"

Akachomoa mwingine, akaurudisha. Kompyuta ikajiwasha upya, na kadi nayo ikaamka. Mtoto akamkodolea bibi yake macho, akavuta pumzi, akafoka kwa ukali uleule wa bibi:

"Neculai!"