Kura Kumi na Saba za Vesaki

Shemasi Ndegwa alikuwa ameketi sakafuni, miguu imekunjwa kama chapati, akimwomba Mungu amsamehe kwa kumwogesha Budha.

Alikuwa amepanga foleni asubuhi na wanakikundi cha kutafakari cha mtaa wa Kamakis, kila mmoja akaimwagia sanamu ndogo kijiko cha maji. Ndiyo ada ya Vesaki, sikukuu ya kuzaliwa kwa Budha. Sasa ilibidi wakae kimya hadi adhuhuri.

Mwenye kosa ni Kui, msimamizi wa kampeni yake, aliyempigia simu juzi.

"Mheshimiwa, nimepata kikundi. Wako na kula kumi na saba."

"Chakula?"

"Kura, mheshimiwa! Kula hakuna, hao wanafunga. Wewe kaa nao tu. Wakikuzoea, umezibeba."

Ndegwa alikuwa amegombea udiwani mara mbili na kuanguka mara mbili, ya mwisho kwa kura kumi na nne. Mkewe Wakonyo alishasema: akianguka tena, akaishi na bango lake pale barabarani. Uchaguzi ulikuwa umebakiza miezi mitatu.

Basi akavumilia. Mguu wa kushoto ulikufa saa nne. Wa kulia ukaufuata kwa heshima zote. Moshi wa nyama choma ya jirani ukaingia dirishani bila huruma, tumbo likanguruma, hakuna aliyecheka. Kando yake mama mmoja, Benta, alibubujikwa na machozi. Ndegwa akaona naye alie, asije akaonekana mgeni. Haikuwa kazi. Alimfikiria Wakonyo tu, yakaja yenyewe.

Saa sita, Mwalimu Kaveke, kiongozi wao, akafumbua macho.

"Kimya kimekwisha. Mwenye neno lililo moyoni, alitoe."

Ndegwa alijaribu kusimama, miguu ikamkana, akazungumza akiwa amepiga magoti.

"Ndugu zangu, naitwa Ndegwa. Nawaomba, nawasihi... Nagombea udiwani hapa."

Benta akapangusa machozi, akamtazama kwa uchungu.

"Woi! Na wewe pia?"

Akatoa mkobani kadi za kampeni zenye picha yake mwenyewe. Kijana wa mbele akavua sweta, fulana ya ndani ikiwa na uso wake na kauli mbiu. Safu yote ya nyuma ikakunjua kalenda, kila mmoja yenye sura yake.

Kisha wagombea wote wakamgeukia mwalimu.

"Mimi," akasema polepole, "hupigia kura wadi ya Kalimoni, si hapa."