Mkeka wa Mwajabu

Alasiri wanawake wa mtaa walikuja kumjulia hali Mwajabu, aliyeondolewa titi moja kwa sababu ya saratani. Wakatandika mkeka kando ya kitanda chake, wakanyoosha miguu, wakashika tama. Nesi alikuwa amemwagiza atembee na kuuinua mkono wa upande uliopasuliwa, usije ukakakamaa. Lakini kila alipoweka mguu chini, wifi yake Sikudhani alimrudisha kitandani kama mtoto.

"Nipisheni nipite," alisema Mwajabu.

"Uende wapi nawe? Mgonjwa halali yake ni kitanda," alisema Sikudhani. "Taka chochote, uletewe."

"Maskini, alivyokuwa mchapakazi!" jirani mmoja akaguna.

Alivyokuwa! Mwajabu akawatazama. Walikuja mikono mitupu, wakanywa chai yake, na sasa wanamlilia huku midomo imejaa maandazi yake.

"Mmekaa matanga ya nani?" aliuliza.

Mmoja akakunja miguu haraka.

"Basi inukeni. Mkeka wangu umejaa makombo."

Akashuka, akauvuta huku wanaruka kama kuku, akaukokota hadi uani. Sikudhani akamfuata mbio.

"Wifi, mshono! Wifi, utakufa!"

"Nikifa mtautandika tena."

Alifika kwenye kamba ya nguo. Mkono ulipanda hadi usawa wa bega, ukagoma. Akauma meno, akaupandisha tena, na ukingo wa mkeka ukagusa kamba. Nyuma yake wanawake walikuwa wamesimama na vikombe vyao, hawajui waketi wapi.