Ruhusa ya Zuwena

Kila nyumba ina msimamizi mmoja wa kompyuta, na programu ya zamani haifunguki mpaka atoe ruhusa kwa sauti yake mwenyewe. Nyumbani kwa Mzee Khatibu, msimamizi alikuwa mkewe Zuwena, aliyefariki miaka minne iliyopita. Alimwachia sauti yake kwenye simu: "Haya, fungua." Kila Jumamosi asubuhi Khatibu aliicheza sauti hiyo mbele ya kompyuta, na programu yao ya kuchorea viua, nakshi za kofia, ikafunguka taratibu, kwa mlio wake ule ule. Enzi za uhai wake Zuwena alichora, Khatibu akashona.

Jumamosi hii alikuja binti yao, Raya.

"Baba, sheria hairuhusu marehemu kuwa msimamizi. Nimeshamtoa mama, nimejiweka mimi."

"Na viua vyake?"

"Msimamizi mpya hawezi kufungua programu za msimamizi aliyepita. Nitakuwekea mpya, nzuri zaidi."

"Hiyo mpya haiujui mkono wa mama yako."

Raya akaenda jikoni kupika chai.

Khatibu alibonyeza alama ya programu ile kwa mazoea tu, simu ikiwa mfukoni, imezimwa. Programu ikafunguka. Kofia ya mwisho, ile waliyoiacha nusu, ilikuwa pale pale. Chini yake paliandikwa: "Ruhusa imetolewa na Zuwena, sasa hivi."

"Baba, nilete vikombe viwili?" Raya aliita.

Khatibu akavaa miwani, akasogeza kiti cha pili karibu na kompyuta.

"Vitatu," akajibu.